Shaka Ikiwepo, Imwendee Nani? Rufaa za Walemavu wa Vita Katika Kalima

Haya ni maneno tuliyoyasema mbele ya walemavu wa vita, wajane, viongozi wa vijiji na watumishi wa serikali waliokusanyika Kalima, wilaya ya Pangi, jimbo la Maniema.

Tunajua kwamba wengine wenu mmetembea na magongo tangu alfajiri, na wengine mmeacha siku nzima ya kazi machimboni, siku ambayo hakuna atakayewalipa. Kwa hiyo tutaanza na jambo gumu kwanza, na salamu ndefu tutazifanya tukimaliza.

Jambo gumu ni kosa letu sisi wenyewe. Wengi wenu mnakumbuka ile barua tuliyoiandika pamoja. Tulipita kijiji kwa kijiji, tukachukua majina ya kila aliyeumia vitani, kila mmoja akaweka alama ya kidole, tukaifunga karatasi ndani ya plastiki, tukavuka nayo Lualaba kutoka Alunguli hadi ng'ambo ya Kindu mjini, tukaiweka mezani kwa ofisi moja. Tuliiita rufaa. Tulirudi hapa tukawaambia: ngojeni, jibu litakuja. Jibu lilikuja baada ya miezi mingi, na lilikuwa sentensi mbili. Ilisemwa kwamba watu waliotajwa hawako chini ya utaratibu mmoja, na kwamba haikuonyeshwa ni uamuzi gani unaopingwa.

Tulikasirika sana. Tulisema ni dharau ya watu wa ofisi. Lakini tulipoisoma barua yetu upya, polepole, tuliona kwamba yule mtumishi alikuwa na haki upande mmoja. Rufaa ni kupinga uamuzi. Sisi tulipinga nini? Kwa wengi katika orodha ile hapakuwa na uamuzi wowote, kwa sababu hapakuwahi kuwa na ombi. Tena tulikuwa tumechanganya askari wa jeshi la taifa, waliokuwa Mai-Mai wakarudishwa uraiani, mama waliobeba risasi kichwani, na raia waliopigwa risasi wakikimbia shambani. Wote wana maumivu ya kweli. Lakini sheria haiwaoni kupitia dirisha moja.

Tunaanza na wale walioingia jeshini na kubaki. Vita vya 1998 vilipofika mwisho kwenye karatasi, na serikali ya mpito ikaundwa katikati ya 2003, baadhi ya vijana wa huku walichanganywa katika jeshi jipya, FARDC. Mtu wa namna hiyo akiumia, au akifa na kuacha mjane, mambo yake yanaongozwa na sheria ya 15 Januari 2013 juu ya hali ya askari. Huyo ana mwajiri, ana namba, ana kikosi, na kuna waziri anayewajibika kwake. Akinyimwa malipo ya ulemavu, kuna uamuzi, na uamuzi unaweza kupingwa.

Unapingwaje? Kwanza anaandikiwa yuleyule aliyeamua, au mkubwa wake, kumwomba aangalie upya. Asipokubali, au akinyamaza mpaka muda wa sheria upite, ndipo mtu anaweza kwenda kwa jaji wa mambo ya utawala. Kwa uamuzi wa waziri, jaji huyo ni Conseil d'État, mahakama iliyopangwa na sheria ya 15 Oktoba 2016, na iko Kinshasa. Tunajua mnachofikiri: Kinshasa ni ndege, na ndege ni pesa. Ni kweli. Ndiyo maana tunasema hatua ile ya kwanza, barua ya kuomba kuangaliwa upya, ndiyo rufaa yenyewe kwa mtu wa Kalima. Ikiandikwa ovyo, hakuna jaji atakayeitengeneza baadaye. Na muda wake unahesabiwa kwa miezi tangu siku mtu alipopokea uamuzi. Kwa hiyo yule anayeificha karatasi chini ya godoro kwa sababu inamuumiza moyo, anapoteza haki yake akiwa amelala juu yake.

Sasa, ndani ya faili wanaangalia nini? Popote duniani malipo ya namna hii yanapoamuliwa, maswali ni yaleyale. Je, mtu huyu alikuwa askari wakati ule? Je, ana ulemavu leo? Na je, ulemavu huu ulitokana na kazi ile? Swali la kwanza hujibiwa na namba ya jeshi. La pili hujibiwa na macho ya daktari. La tatu ndilo linalowaangusha watu.

Baba mmoja wa hapa karibu alituonyesha cheti alichoandikiwa katika kituo cha afya. Kilisema: maumivu ya goti la kulia, apumzike siku kumi. Basi. Hakuna tarehe ya kuumia, hakuna sababu, hakuna neno kama kovu ni la risasi au la panga au la kuanguka. Baada ya kutoka jeshini baba huyo alichimba kasiterite miaka mingi, kama nusu ya wanaume wa Kalima. Anayesoma cheti kile mbali na hapa anaweza kusema goti limeharibiwa na shimo la madini, na cheti hakina la kumjibu. Tulimpeleka tena kwa daktari, na safari hii daktari aliandika mahali risasi ilipoingia na ilipotokea, kwamba mfupa ulipona ukiwa umepinda, na kwamba kupinda huko kunalingana na jeraha la zamani. Aliandika pia kazi gani baba huyu hawezi tena kuifanya. Ni karatasi moja ileile, mguu uleule. Tunaomba wauguzi waliopo hapa watusikie: mistari mitatu ya ziada katika cheti inaweza kuwa chakula cha nyumba kwa miaka.

Mtatuuliza: na kama daftari la hospitali liliungua? Maana kwetu yaliungua, au yaliliwa na mchwa, au yalifungiwa sukari sokoni. Hapa tunataka kukaa kidogo, kwa sababu ndipo penye kiini cha habari.

Swali hili walilikuta wengine kabla yetu. Wafaransa walipotoka katika vita vikuu vya kwanza, walikuwa na maelfu kwa maelfu ya watu waliokatika viungo, na karatasi nyingi zilikuwa zimezikwa katika matope pamoja na wenyewe. Sheria yao ya 31 Machi 1919 ilisema kwamba, kwa masharti fulani, ugonjwa au jeraha lichukuliwe kuwa limetoka kazini, na serikali ndiyo ithibitishe kinyume kama inaweza. Waliweka pia mahakama za pekee kwa malipo hayo, zilizofanya kazi hadi 2019 kesi zilipohamishiwa mahakama za kawaida za utawala. Marekani nao wana kanuni katika sheria yao: ushahidi wa pande mbili ukilingana kwa uzito, shaka imwendee aliyekuwa askari. Na asiporidhika, tangu 2019 ana njia tatu za kuchagua: kuongeza ushahidi mpya, kuomba mkubwa zaidi aangalie faili lilelile, au kwenda mbele ya bodi ya rufaa. Hatusemi kwao hakuna foleni. Foleni zao ni maarufu. Tunasema waliliuliza swali wazi wazi: shaka ikiwepo, imwendee nani?

Katika mafaili tuliyoyashika sisi, hatujawahi kuona ofisi ikimwandikia mlemavu kwamba shaka imemwendea yeye. Shaka daima ilibaki mezani kwa mkubwa. Kwa hiyo, mpaka hilo libadilike, inatubidi kupunguza shaka wenyewe kwa kutumia watu: muuguzi mzee aliyefunga jeraha usiku ule, kapita wa kijiji aliyetoa machela, rafiki wa kikosi kimoja. Kila shahidi aseme alichokiona yeye, siku na mahali, kwa maneno yake. Tumeona maelezo manne ya mashahidi wanne yenye sentensi moja iliyonakiliwa, mpaka makosa ya herufi yanafanana. Karatasi kama hizo hudhuru kuliko kukosa shahidi.

Sasa tunakuja kwa kundi kubwa zaidi katika uwanja huu, ninyi mliokuwa Mai-Mai na mkarudishwa uraiani. Tunaomba mtuvumilie, maana tutasema neno ambalo wengine wamewaficha.

Tume ya taifa ya kuvua silaha, CONADER, iliundwa kwa amri ya Desemba 2003. Ili kuandikwa, mtu alitakiwa awe Mkongomani, awe wa kundi lililotambuliwa, na awe na silaha au aonyeshe kwamba anajua kuitumia. Aliyekubaliwa alipewa dola 110 za kuanzia safari ya nyumbani, halafu dola 25 kila mwezi kwa miezi 12. Jumla ni dola 410. Aliyerudi na miguu miwili na aliyerudi na mguu mmoja, posho hiyo ilikuwa sawa. Haikuwa malipo ya ulemavu. Ilikuwa posho ya kurudia maisha, na ilikuwa na mwisho wake.

Wengi wenu mmeitunza kadi ile ndani ya Biblia au ndani ya sanduku kama kitabu cha pensheni. Tumekutana na mzee mmoja aliyeuza mbuzi wake wawili ili kumlipa mtu wa Kindu aliyemwahidi "kuifungua" kadi hiyo. Mzee akatuambia, "Wanangu, kadi ina picha yangu na muhuri wa serikali, itakuwaje isiwe na pesa?" Tulishindwa kumjibu siku ile. Leo tunajibu: kadi ile inathibitisha kwamba ulikuwa mpiganaji na uliweka silaha chini. Huo ni ushahidi mzuri, usiutupe. Lakini rufaa haiwezi kutoa kutoka katika mpango kitu ambacho mpango haukuwa nacho.

Hata madai ya kweli, kama miezi ambayo haikulipwa, yana shida yake. Tume ilifuatwa na kitengo kingine mwaka 2007, ukaja mpango wa tatu kuanzia 2013, na tangu Julai 2021 kuna mpango unaoitwa P-DDRCS, ambao unaweka mkazo katika kuiinua jamii nzima, wala haugawi pesa mkononi kama zamani. Kila mlango ulipofungwa, waliokuwa wakingoja mbele yake waliambiwa waende kwenye mlango mpya, na wa mlango mpya wakasema hawana daftari la zamani. Kalima inajua kungoja kwa namna hiyo. Waulizeni waliokuwa wafanyakazi wa Sominki, kampuni iliyofungwa mwaka 1997, miaka mingapi walibeba madai yao kutoka ofisi hadi ofisi.

Tunajua kinachosemwa jioni kwenye pombe: "Tukirudi msituni, ndipo watatusikia." Tumelisikia kwa masikio yetu, na si kwa vijana tu. Hatuwezi kulipita kimya. Mwaka 2013 watu walitoka msituni na silaha zao, wakapelekwa katika kambi ya Kotakoli, mbali na kwao, pamoja na wake na watoto. Mwaka uliofuata shirika la Human Rights Watch lilitangaza kwamba zaidi ya watu 100 walikuwa wamekufa huko kwa njaa na magonjwa. Hao walikuwa ni wale waliosikilizwa. Tena anayerudi msituni hapotezi nafsi yake tu. Anawapotezea wenzake wote, kwa sababu siku ile faili la kila mlemavu wa Pangi linasomwa kama barua ya vitisho.

Na kuna macho mengine yanayotutazama. Nyuma kule, karibu na mlango, wameketi watu ambao hawakuwahi kushika silaha. Mmoja wao alituuliza mwezi uliopita swali ambalo limetuondolea usingizi: "Aliyenikata mkono akilipwa kwa kuwa alikuwa mpiganaji, mimi niliyekatwa niitwe nani?" Tulikuwa tumefanya mikutano mingi ya walemavu wa vita bila kumwalika hata mara moja. Tulidhani amani ni kuwatuliza waliokuwa na bunduki. Kama kila msaada unapita mkononi mwa aliyewahi kutisha, tunawafundisha watoto wetu nini?

Kwa ndugu hao kuna sheria mbili ambazo hazikuwapo wakati wa CONADER. Moja ni ya 3 Mei 2022 juu ya haki za watu wenye ulemavu. Hiyo haiulizi ulemavu ulipatikana wapi, kwa hiyo ni yenu wote. Nyingine ni ya 26 Desemba 2022 juu ya wahanga wa ukatili wa kijinsia wa wakati wa vita na wa makosa makubwa dhidi ya amani na usalama wa binadamu, ambayo ndiyo iliyoweka mfuko wa fidia, FONAREV. Sheria kuandikwa ni jambo moja, na pesa kufika Pangi ni jambo jingine. Hatutauza matumaini hapa. Lakini mtu hawezi kupinga kunyimwa kama hakuomba kamwe.

Mnaotusumbua zaidi mawazo ni ninyi mama zetu mliofuata vikosi. Mama mmoja alibeba masanduku ya risasi miaka miwili, akapigwa kwenye nyonga, na hadi leo hawezi kuinama shambani. Siku ya kuandikisha alitakiwa kuonyesha silaha. Silaha aliyoibeba ilikuwa imechukuliwa na mkubwa wake na kupewa mpwa wake, kijana ambaye hakulala hata usiku mmoja msituni. Kijana akaandikwa, mama akaambiwa yeye ni mke wa mtu. Bibi na babu zetu wa mashariki ya Kongo walibebeshwa mizigo ya jeshi la Wabelgiji kuelekea Tabora mwaka 1916, na kati yao pia waliokufa njiani ni wengi kuliko waliokumbukwa. Mbebaji daima husahaulika kwanza.

Je, mama huyo aombe kama mpiganaji au kama mhanga? Wapo wanaomshauri achague hadithi inayolipa. Sisi tunasema aandike mambo jinsi yalivyotokea: alichukuliwa na nani, akiwa na umri gani, alifanya nini, aliumia wapi. Ofisi ndiyo iamue aingie mlango gani, na ikikataa iandike kwa nini. Akidanganya mara moja, hata ukweli wake wa nyonga hautaaminiwa.

Na kwa yule ambaye hana mlango wowote, kumbukeni kifungu cha 27 cha Katiba ya 2006. Kinasema kila Mkongomani, peke yake au pamoja na wengine, anaweza kumpelekea mkubwa wa serikali ombi, na mkubwa huyo anajibu katika miezi mitatu. Kinasema pia kwamba mtu hawezi kushitakiwa kwa sababu ya kufanya hivyo. Si rufaa, na hakimlazimishi mkubwa kukubali. Ila kinamlazimisha kujibu, na jibu ni uamuzi, na uamuzi una tarehe. Barua yetu ya kwanza ingeandikwa hivyo, ingekuwa na maana. Tuliipeleka hata bila kuomba muhuri wa mapokezi juu ya nakala yetu. Sisi tuliosoma chuo kikuu! Baadaye tulipoulizwa ilifika lini, tulikuwa na kumbukumbu ya mvua tu.

Viongozi wetu, kwenu tuna ombi moja. Mtu akija kutaka barua ya kumtambua, msitoze kitu, na msiandike kwa mtu msiyemjua. Tumepata barua mbili za kijiji kimoja zinazomweka mtu mmoja katika vikosi viwili vya adui kwa mwezi uleule. Aliyeumia kweli ndiye anayelipa gharama ya barua hizo.

Tutafanya kazi hivi. Kesho kuanzia saa mbili asubuhi tutakuwa hapa hapa na meza tatu: moja ya walio au waliokuwa katika FARDC pamoja na wajane wao, moja ya wenye kadi za kurudishwa uraiani, na moja ya wote waliobaki, raia na mama zetu. Leteni kadi ya mchaguzi, vyeti vya zamani hata kama vimechanika, na majina ya watu waliowaona siku ile. Asiye na karatasi hata moja aje pia, tutaandika anachosema na tutamsomea kabla hajaweka kidole. Hakuna atakayelipa franka hata moja, na mtu akiwaomba pesa kwa jina letu, tuambieni palepale. Ile barua ya kwanza tumeirudisha, iko hapa. Kila mmoja atafute jina lake, maana tutaigawanya, kila mtu na ombi lake. Mama wa nyonga ameomba awe wa kwanza kwenye meza ya tatu kwa sababu hawezi kukaa muda mrefu, na tumemkubalia.